Skrini si mashine: hela yako hupita wapi unapojikatia tiketi

Baba mdogo alikuwa amesimama mbele ya mashine ya tiketi, kidole cha shahada amekikaza kwenye kioo kama mtu anayepiga muhuri. Neno ENDELEA lilikuwa chini ya kidole chake na halikuwa likiendelea popote. Akakaza zaidi. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna.

"Baba mdogo, inua kidole," nikamwambia.

"Nikiinua si nitakuwa nimeacha kubonyeza?"

Akainua hata hivyo, shingo upande, na palepale ukurasa ukafunguka.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja dakika mbili baadaye. Aligusisha kadi yake ya benki, simu ikalia mfukoni na ujumbe kwamba pesa zimetoka, halafu skrini ikaandika kuwa muamala umeshindikana. Tiketi haikutoka. Akanigeukia. "Sasa mwanangu, hela yangu iko wapi?" Nilibabaika, na mimi ndiye niliyekuwa najifanya mjuzi tangu mwanzo.

Swali lake huulizwa kila mahali mashine hizi zinapowekwa kwenye vituo vya treni na mabasi. Watu husema zinakula pesa, zinabagua vidole, zinaiba namba za siri, zinakataa noti isiyo na kasoro. Kuna ya kweli humo na kuna ya uzushi, lakini sehemu kubwa ni mkanganyiko unaotoka mahali pamoja: tunachokiona ni skrini, basi tunadhani skrini ndiyo mashine.

Tuanze na jina. Wenye mitambo huiita kioski, neno ambalo masikioni mwetu ni kibanda cha kuuzia vitu vidogovidogo. Asili yake ni Kiajemi, likapita kwa Waturuki, ambao walilitumia kwa nyumba ndogo ya mapumziko bustanini, kabla ya kufika Ulaya na kushuka cheo hadi kibanda cha magazeti. Katika makala haya nitasema mashine ya tiketi, maana yake sanduku lililosimama kituoni ambalo msafiri hujihudumia mwenyewe: anachagua safari au anajaza salio kwenye kadi, analipa, anaondoka. Skrini ya mguso ni kile kioo kinachoonyesha maandishi na wakati huohuo kupokea amri za kidole.

Kondakta akikukatia tiketi hufanya mambo matatu kwa mpigo. Anasikia unakokwenda, anapokea nauli, anakupa kipande cha karatasi kinachothibitisha kwamba una haki ya kusafiri. Yote yako mkononi mwa mtu mmoja, na akikosea unamuona usoni. Mashine imeyatenganisha mambo hayo. Kuchagua hufanyika kwenye skrini. Kulipa hufanyika kwenye vifaa vingine kabisa, na kama ni kwa kadi, uamuzi wenyewe unafanywa na benki yako iliyo mbali. Haki ya kusafiri huandikwa kwenye karatasi, kwenye kadi, au kwenye kumbukumbu za shirika la usafiri zilizo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya shirika iliyo mbali na kituo.

Fikiria umetuma mtoto akuuzie kitu, lakini umemkataza kuamua lolote. Kila mteja akifika, mtoto anampigia simu mjomba kuuliza kama pesa ni nzuri, kisha anampigia shangazi kuuliza kama mzigo utolewe. Simu zote mbili zikipita, mambo ni mserereko. Simu ya mjomba ikipita na ya shangazi ikakatika, mteja atakuwa ameshalipa na mzigo hana. Mtoto hakuiba, na mjomba hakuiba. Hapo ndipo baba mdogo alipokwama, na tutamrudia.

Kwanza kidole

Skrini ya mguso si kitu cha juzi. Mhandisi Mwingereza E. A. Johnson alichapisha wazo lake mwaka 1965 akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, na alichokuwa akikifikiria ni waongozaji wa ndege. Miaka ya 1970, Bent Stumpe, mhandisi kutoka Denmark, alitengeneza skrini za aina hiyo pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo mkubwa wa chembe ulioanza kazi mwaka 1976. Ilikuwa njia ya kuondokana na msitu wa swichi na vitufe. Sababu hiyohiyo ndiyo iliyoileta kituoni: vitufe vya chuma mia mbili vya majina ya vituo haviongezeki wala kubadilika, ilhali picha ya kitufe inaweza kuwa chochote unachotaka, kwa lugha yoyote, na kesho ikabadilishwa bila bisibisi.

Lakini vioo hivi havifanani, na hapa ndipo hadithi ya "inabagua vidole" inapozaliwa.

Aina ya kwanza ina tabaka mbili nyembamba zenye upenyo katikati. Ukibonyeza, tabaka ya juu inainama na kuigusa ya chini, na mashine inajua ni wapi. Hii inataka nguvu kidogo, na haijali umebonyeza kwa kidole, kwa kucha, kwa glavu au kwa mfuniko wa kalamu. Aina ya pili ni kama ya simu nyingi za leo. Juu ya kioo pana utando usioonekana unaopitisha umeme, na kidole chako, kwa kuwa mwili wa binadamu nao unapitisha umeme, kinavuta chaji kidogo mno pale kinapogusa. Hapo nguvu haisaidii kitu. Ukigusa kwa kucha au kwa glavu nene, kioo hakioni chochote. Ukigusa kwa kidole kikavu sana kilichosuguliwa na kazi, huenda kikaona kwa shida. Tone la maji nalo linapitisha umeme, ndiyo maana mashine iliyonyeshewa mvua mara nyingine hujibonyeza yenyewe na kuruka kurasa kama imepagawa. Aina ya tatu inatumia miali ya mwanga isiyoonekana inayokatiza juu ya kioo kutoka kwenye fremu. Chochote kinachoikata kinahesabika kuwa ni kidole, hata kamba ya mkoba au uchafu ulioganda kwenye ukingo.

Kwa nje huwezi kuzijua kirahisi. Ndiyo maana mtu aliyejifunza kwenye mashine ya aina moja anaweza kuonekana mshamba mbele ya nyingine. Aliyezoea ya kwanza atakaza kidole, aliyezoea simu atapapasa, na kila mmoja ataapa kwamba mashine ya mwenzake ni mbovu.

Na kidole cha baba mdogo? Kioo kilikiona tangu sekunde ya kwanza. Tatizo lilikuwa kwenye programu. Vitufe vingi vya skrini havifanyi kazi unapobonyeza. Vinafanya kazi unapoachia. Waliobuni walifanya hivyo makusudi, ili mtu aliyegusa mahali pasipo pake aweze kuburuta kidole pembeni na kujiokoa. Kwa hiyo anayebonyeza kwa muda mrefu anasubiri mashine, na mashine inamsubiri yeye. Wanaweza kusubiriana hivyo mpaka jioni.

Nimeulizwa pia kama skrini hizi zinachukua alama za vidole. Kwa teknolojia niliyoeleza, kioo kinajua kitu kimoja: pameguswa hapa. Mistari ya ngozi yako ni kazi ya kihisi cha aina nyingine, na hukihitaji kununua tiketi. Kuhusu vijidudu, kioo kinachoguswa na watu elfu moja kina uchafu sawa na nguzo ya basi inayoshikwa na watu haohao. Nawa mikono, basi. Na ukiona skrini imekuwa nyeusi ghafla wakati jirani yako anaisoma vizuri tu, vua miwani ya jua. Baadhi ya miwani huchuja mwanga wa upande mmoja, na skrini nyingi hutoa mwanga wa upande mmoja. Vikikutana vibaya, giza.

Jambo jingine linaloudhi ni mashine kukurudisha mwanzo ulipokuwa bado unasoma. Kuna saa inayohesabu ndani. Mtu akikaa bila kugusa kitu kwa muda uliowekwa, mashine inadhani ameondoka, na haitaki anayefuata akute safari ya mwenzake, au mbaya zaidi, malipo yaliyofika katikati. Nia ni njema. Ila muda huo mara nyingi umepimwa na vijana waliotengeneza programu na wanaijua kila kurasa kwa moyo. Kwa msafiri anayesoma taratibu, au anayetafuta miwani mkobani, ni kufukuzwa mlangoni.

Kisha pesa

Noti na sarafu ndizo watu wanazozielewa zaidi, ingawa hata hapo kuna jambo. Ukiingiza noti, vihisi vinaimulika kwa mwanga wa aina mbalimbali, vingine vinapima sumaku iliyo kwenye wino, kisha matokeo yanalinganishwa na orodha ya noti ambazo mashine inazijua. Noti halali lakini iliyochakaa, iliyolowa au iliyokunjwa kona inaweza kukataliwa kwa sababu haifanani vya kutosha na mfano. Mashine haikuiita bandia. Imesema tu siitambui. Na orodha hiyo lazima iongezwe na watu. Uingereza ilipotoa sarafu mpya ya pauni moja yenye pembe 12 mwezi Machi 2017, mashine za kila aina ilibidi zifundishwe kuitambua, na ambazo hazikufundishwa zilitema pesa halali ya nchi.

Katika mashine nyingi, noti iliyokubaliwa haiendi moja kwa moja kwenye sanduku la fedha. Inashikiliwa mahali pa katikati mpaka ununuzi ukamilike, na ndiyo maana ukifuta kabla ya mwisho unarudishiwa noti ileile uliyoingiza. Chenji nayo hutoka kwenye visanduku vya sarafu vilivyo ndani, na vikikauka mashine huwasha taarifa ya kuomba pesa kamili. Watu huipita taarifa hiyo bila kuisoma, kisha hulalamika.

Kwenye kadi ya benki ndiko kwenye giza. Ukigusisha au kuchomeka kadi, mashine ya tiketi yenyewe kwa kawaida haiamui kitu wala haiijui namba yako ya siri. Kile kibao kidogo chenye namba za kubonyeza, ambacho mara nyingi kimetengwa na skrini kubwa, ni kifaa chenye ulinzi wake. Namba ya siri inafichwa kwa hesabu za siri humohumo ndani ya kibao kabla ya kutoka, na kompyuta inayoendesha skrini inapata jibu tu: imekubaliwa, au imekataliwa. Kibao hicho hutengenezwa kiasi kwamba ukijaribu kukifungua kinafuta siri zake chenyewe. Kwa hiyo namba yako ya siri iko katika hatari zaidi kwa jicho la anayekupumulia shingoni kuliko kwa sanduku lililo mbele yako. Funika kwa mkono wa pili.

Udanganyifu upo, lakini mara nyingi unabandikwa kwa nje. Mwanzoni mwa mwaka 2022 huko Austin, Texas, polisi walitahadharisha watu kuhusu vibandiko bandia vya QR, ile picha ya miraba midogo inayosomwa kwa kamera ya simu, vilivyowekwa kwenye mashine za kulipia maegesho. Aliyekipiga picha kwa simu alipelekwa kwenye tovuti ya matapeli na kuwalipa wao. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. QR iliyo ndani ya skrini imetoka kwenye mashine; QR iliyobandikwa juu yake kwa gundi ingeweza kuwekwa na yeyote mwenye printa.

Kuna na vituko visivyo na mwizi. New York, mashine zilizoanza kuuza kadi za treni za chini ya ardhi mwaka 1999 zilimtaka anayelipa kwa kadi ya benki ataje msimbo wa posta wa nyumbani kwake, kama njia ya kuthibitisha kwamba kadi ni yake. Mgeni kutoka nchi nyingine hana msimbo wa posta wa Kimarekani. Benki yake ina pesa, kadi yake ni halali, na skrini inasubiri tarakimu tano ambazo hana. Jibu lilikuwa kuandika 99999. Ukishaambiwa ni rahisi. Asiyeambiwa alibaki akijaribu mwaka wake wa kuzaliwa.

Sasa turudi kwa baba mdogo. Alipoona ujumbe kwamba pesa zimetoka, kuna uwezekano mkubwa bado zilikuwa hazijatoka. Malipo ya kadi yana hatua mbili. Kwanza benki inaulizwa: mtu huyu anacho kiasi hiki? Benki ikisema ndiyo, inakitenga kiasi hicho ili usikitumie kwingine, na salio unaloruhusiwa kutumia linapungua palepale. Ni kama muuzaji anapokuwekea kitu pembeni: hakijawa chako, lakini mwingine hawezi kukichukua. Hatua ya pili ni mashine kuthibitisha kwamba mauzo yamekamilika, na hapo ndipo pesa husafiri kweli kwenda kwa shirika la usafiri, mara nyingi baada ya saa kadhaa au siku.

Ujumbe wa simu kwa kawaida hutumwa kwenye hatua ya kwanza. Mtandao ukikatika katikati, au karatasi ya tiketi ikikwama, mashine inapaswa kuiambia benki ifute ile hatua ya kutenga. Amri ya kufuta ikifika, pesa inaachiwa. Ikipotea njiani, kiasi kilichotengwa kinakaa hapo mpaka muda wake uishe wenyewe, siku chache kutegemea benki. Kwa hiyo jibu la swali lake lilikuwa hili: hela iko kwenye akaunti yako mwenyewe, ila imefungwa kamba.

Hapo ndipo watu hufanya kosa la pili, nasi tulilifanya: kurudia harakaharaka. Kila jaribio ni ombi jipya la kutenga pesa. Ukijaribu mara tatu huku mtandao ukisuasua, unaweza kujikuta umetengewa nauli tatu na huna tiketi hata moja. Subiri mashine irudi kwenye ukurasa wa mwanzo; ikitoa karatasi ya muamala ulioshindikana, itunze. Kisha andika au piga picha mambo mawili ambayo hutayakumbuka kesho, saa kamili na namba ya mashine, ambayo hubandikwa au kuandikwa mahali fulani kwenye mwili wake. Kwa fedha taslimu mambo hayo ni muhimu zaidi, kwa sababu hakuna benki ya kuulizwa. Ila kuna hesabu: mashine huandika kila noti iliyoingia, na sanduku linapofunguliwa kiasi kinalinganishwa na mauzo. Noti yako ikizidi kwenye hesabu ya siku ile, saa ile, una pa kuanzia. Ukisema tu "ile mashine ya pale mlangoni, wiki iliyopita", huna.

Na tiketi yenyewe iko wapi?

Katika karatasi, jibu linaonekana rahisi. Lakini hata karatasi ina tabia zake. Mashine nyingi hazitumii wino. Zinatumia karatasi inayogeuka nyeusi inapopata joto, na kichwa cha printa huichoma pale tu panapotakiwa herufi. Ndiyo sababu tiketi ikiachwa kwenye dashibodi juani huwa nyeusi tii, na ya zamani hupauka mpaka haisomeki. Kama ina QR, ile picha ni namba tu. Geti huisoma na kuuliza kama imeshatumika. Aliyepigia picha tiketi ya mwenzake akawahi getini atapita yeye, na mwenye karatasi halisi atakwama.

Kadi za usafiri ndizo zinazochanganya, kwa sababu kuna aina mbili zinazofanana kwa sura. Katika aina ya zamani kadi ni pochi. Salio limeandikwa ndani ya chipu ya kadi yenyewe. Octopus ya Hong Kong, iliyoanza Septemba 1997, na Oyster ya London ya mwaka 2003, zilijengwa kwa wazo hilo, na kulikuwa na sababu nzuri: geti la kituo chenye watu wengi linatakiwa kuamua chini ya nusu sekunde, na mitandao ya wakati ule isingeweza kupeleka swali na kurudisha jibu kwa kasi hiyo. Geti linasoma salio kwenye kadi, linakata nauli, linaandika salio jipya, mlango unafunguka. Mtandao ukiwa umelala, abiria wanapita vilevile.

Katika aina mpya kadi ni jina lako tu. Salio liko kwenye daftari la seva, na kadi inasema "mimi ndiye fulani". Hata kadi yako ya benki au simu inaweza kuwa jina hilo. London ilianza kupokea kadi za benki kwenye mabasi Desemba 2012 na kwenye treni za chini ya ardhi mwaka 2014.

Tofauti hii ndiyo inayoeleza lile lalamiko maarufu: "Nimejaza salio kwa simu, kadi inasoma sifuri." Kama kadi ni pochi, kujaza kwa mtandao kunaweka agizo kwenye seva, lakini hakuna waya kati ya seva na kadi iliyo mfukoni mwako. Pesa itaingia kadi itakapogusa mashine au geti lililopokea agizo hilo. Siku za mwanzo za Oyster ilibidi utaje kabisa ni kituo gani utakachopita kuchukua salio lako. Ukipita kingine, hulioni. Kama kadi ni jina, salio linaongezeka papo hapo, kwa sababu halikuwahi kuwa kwenye kadi. Muulize mhudumu swali moja, salio linakaa kwenye kadi au kwenye akaunti, nawe utajua utegemee nini.

Wadukuzi

Mashine hizi zikizimika zote kwa pamoja, uvumi wa kwanza ni kwamba zimedukuliwa na kadi za watu zimeibwa. Kisa kinachotajwa sana ni cha San Francisco, wikiendi ya mwisho ya Novemba 2016. Kompyuta za shirika la usafiri la jiji zilifungwa na wadukuzi waliodai malipo, na kwenye skrini za vituoni yakatokea maneno ya Kiingereza kibovu yakisema kwamba data zote zimefungwa. Mashine za tiketi hazikufanya kazi na abiria wakapita bure. Wengi wakahitimisha kwamba mashine ndizo zilizovamiwa. Maelezo ya shirika yalikuwa kwamba virusi vilipiga hasa kompyuta za ofisi, takribani 900, na kwamba mashine za tiketi na mageti lilizima na kufungua lenyewe kwa tahadhari. Kumbuka yule mtoto na simu mbili: mashine ilikuwa haina ugonjwa, lakini huwezi kumwacha auze wakati hujui anayepokea simu upande wa pili ni nani.

Wanaoachwa nje

Kuna lalamiko ambalo si uzushi hata kidogo. Kioo laini hakina alama ya kupapasa. Kitufe cha chuma asiyeona anaweza kukihesabu kwa vidole. Picha ya kitufe hawezi. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kukuta nusu ya juu ya skrini iko mbali na mkono wake. Anayetetemeka mikono atagusa vitufe viwili kwa pamoja, na asiyejua kusoma hana wa kumuuliza.

Dawa zinajulikana na si za ajabu. Kanuni za Marekani zinataka sehemu za kugusa zisizidi kimo cha takribani sentimita 122 kutoka sakafuni. Mashine iliyobuniwa vizuri ina tundu la kuchomeka spika za masikioni ili isome kurasa kwa sauti, vitufe vichache vya kupapasa, na kitufe cha kuongeza muda. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya ufikivu, yaani ya kuhakikisha watu wenye ulemavu nao wanaweza kutumia vifaa na huduma, iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 inazitaja mashine za tiketi kwa jina. Lakini nchi zimeruhusiwa kuziacha zile zilizokuwapo zimalize maisha yake, hadi miaka 20 tangu zilipowekwa. Msafiri asiyeona aliyefika leo mbele ya mashine mpya ya mwaka 2024 anaweza, kisheria kabisa, kusubiri itakayomfaa mpaka miaka ya 2040. Kwangu mimi hiyo ni subira ya kuwatwisha watu wengine.

Wapo wanaosema mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kadi za benki na simu zinagusishwa moja kwa moja getini. Luxembourg walikwenda mbali zaidi: tangu mwisho wa Februari 2020 usafiri wa umma ni bure, isipokuwa daraja la kwanza la treni, na abiria wa kawaida hana cha kununua. Kwingine mambo hayajafika huko. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014, na mwenye sarafu tangu siku hiyo lazima azigeuze kuwa salio kwanza mahali pengine. New York waliacha kuuza ile kadi yao ya sumaku mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya kuhamia kwenye kugusisha. Hata hivyo walileta mashine mpya vituoni, kwa sababu kuna watu wasio na akaunti ya benki, kuna watoto, kuna simu zinazozima chaji, na wote hao wana safari.

Baba mdogo alisafiri siku ile kwa tiketi aliyolipia kwa noti, kwenye mashine ya jirani, baada ya jaribio letu la pili la kadi kushindikana kama la kwanza. Alikuwa na ujumbe mbili za kutolewa pesa kwenye simu yake na alinionyesha kila tulipokutana wiki hiyo. Ujumbe wa kurudishiwa haukuja kamwe. Siku ya tano aliangalia salio kwa sababu nyingine kabisa akakuta pesa zote zipo, kamili. Kwa kuwa hazikuwa zimeondoka, benki haikuona kuna cha kumtaarifu.